Mto wa Pamba ya Meli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitandika vitanda, akaanika mto wake dirishani na kuupigapiga kwa kiganja. Vumbi jeupe lilitimka, likacheza kwenye mwanga wa jua. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, maana mtoto huyo, jamani, aliongea tangu anaamka hadi analala.

Baba alikuwa mkataji wa meli. Miaka kumi na miwili alikata meli kuukuu ufukweni kwa moto wa gesi, vyuma vikapelekwa kuyeyushwa. Kwenye mabomba ya injini walibandua kitu cheupe, laini, wakakiita pamba ya meli. Siku moja baba alirudi na furushi lake, akalijaza kwenye foronya iliyoshonwa kwa shati lake la kazi.

"Mama yako akiuliza, ni sufi," alinong'ona akicheka. "Atanisema kwa kuleta takataka za kazini."

Kisha kikaja kikohozi. Kilimtafuna miaka mitatu, mpaka ngazi tatu za mlangoni akawa anazipanda kwa kupumzika. Sasa ni miezi miwili tangu wamzike. Chiriku alilala na ule mto, shavu kwenye kifungo cha shati, akilia hadi usingizi umchukue.

Jumamosi moja bwana afya alibisha hodi, pamoja na Winchi, rafiki wa baba aliyekata naye meli.

"Shemeji, ile pamba ya meli ndiyo iliyotumaliza," Winchi alimwambia mama. "Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Sisi tuliilalia! Hakuna aliyetuambia."

"Mnayo hapa?" bwana afya aliuliza. "Msifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hatuna," mama alijibu, akamgeukia bintiye. "Au wewe ulimwona baba akiileta?"

Chiriku alitikisa kichwa. Baba ameshaondoka, mto nao wauchukue?

Alipobaki peke yake aliuficha nyuma ya kabati. Siku tatu hakuwa na maneno.

"Chiriku wangu kameza nini?" mama alimtania, lakini Chiriku hakucheka.

Jumanne alirudi kutoka shuleni akamkuta mdogo wake wa miaka minne amelala sakafuni, ameukumbatia mto, vumbi jeupe limemganda kwenye kope. Alimnyakua, akakimbia naye uani.

"Mama! Nilidanganya! Ule mto si sufi!"

Mama aliketi chini palepale. "Nami naukung'uta kila wiki," alisema, akaangua kilio.

Bwana afya alikuja tena pamoja na Winchi, safari hii amevaa barakoa na glavu. Aliulowesha mto, akautia kwenye mifuko miwili, akaufunga.

"Foronya je?" Chiriku aliuliza. "Ni shati la baba. Hata kifungo tu?"

"Hata kifungo, mwanangu. Pole sana. Na nyote mtakuja kupimwa."

Chiriku alilia kama siku ya mazishi. Winchi alimshika bega, lakini kabla ya kusema alikohoa sana, kikohozi kilekile cha baba.

"Baba yako alikuletea sumu kwa mapenzi," alisema hatimaye, "kwa sababu waliojua walinyamaza. Wewe umejua, ukasema, ingawa imekuuma. Wangekuwapo watu kama wewe kule ufukweni, mwanangu, baba yako angekuwa hapa anakusikiliza ukiongea."