Ubao Namba 11,207

"Uko naye?" sauti iliuliza sikioni.

"Niko nao wote. Ishirini na watatu. Ni yupi, hilo ndilo hujaniambia."

"Hiyo ndiyo kazi yako."

Simu ikakatika.

Lorraine Orton alikanyaga mafuta. Gari likafikiria kwanza, ndipo likaenda. Lilikuwa Averley Regent ya mwaka 1962, kijani iliyokolea, lenye viti vya ngozi na boneti ndefu kama jeneza. Idara ya usalama ilikuwa imeliazima kwa mjane mmoja wa Leamington. Tangu msafara utoke Coventry saa mbili asubuhi lilikuwa limechemsha mara mbili, waipa moja imegoma, na dirisha la nyuma limeshuka lenyewe na kukataa kupanda. Kwapani alikuwa na bastola ya Glock. Miguuni alikuwa na dumu la maji ya rejeta. Mpaka hapo dumu ndilo lililomfaa.

Agizo lilikuja juzi kwa maneno manne.

Mjozi unavuka. Zuia. Fundi.

Maelezo yalifuata. Lenzi ya kichwa cha kombora, kitu kidogo kama kipande cha sabuni, ilikuwa imeibwa kwenye maabara ya jeshi. Ingevuka leo kwenda Hispania kwa meli ya saa kumi na moja, kutoka Portsmouth, nyuma ya dashibodi ya gari mojawapo la chama cha wamiliki wa Averley, waliokuwa kwenye ziara yao ya kila mwaka. Kuyasimamisha yote ishirini na matatu haikuwezekana. Humo mlikuwa na lodi mmoja, majaji wawili na shemeji wa waziri. Dalali aliyepanga njama alisharuka na ndege Jumanne. Uzi pekee uliobaki ulikuwa fundi aliyetengeneza ubao wa kufichia, wa mjozi, ule mti wa thamani wa dashibodi za kifahari.

"Huyo fundi namtaka kuliko lenzi," Bibi Pargeter, bosi wake, alimwambia. "Miaka kumi na minne jela, piga ua."

Lorraine aliitikia kwa kichwa. Hakusema alichokuwa anakijua. Coventry walikuwa wamebaki watu watatu wanaoweza kuukata mjozi namna hiyo. Mmoja amepofuka. Mwingine amehamia Australia kwa binti yake.

Wa tatu ndiye aliyemzaa yeye.

Asubuhi ile msafara ulikuwa umeondokea pale pale lilipokuwa lango la kiwanda, ambapo siku hizi pana maghorofa ya kupangisha. Mzee Cyril Orton alikuwepo, kofia bapa kichwani, chupa ya chai kwapani. Alikuwa na miaka sabini na minane na hakukosa hata mwaka mmoja. Aliingia kiwanda kile akiwa na kumi na mitano, akakaa kwenye karakana ya mbao miaka arobaini na minne. Katika muda huo Averley iliuzwa kama mbuzi wa mnadani. Ndugu wawili walioianzisha waliwauzia watu wa malori, watu wa malori wakaitupia serikali, serikali ikawapa Wamarekani, Wamarekani wakawapa Wajerumani. Wajerumani walikuja na suti nzuri, wakasema hakuna kitakachobadilika, na mwaka 2005 wakafunga milango. Jina tu ndilo lililobaki. Leo linamilikiwa na watu wasiojulikana katika kisiwa fulani, na mbao za Averley mpya ni plastiki iliyochapwa picha ya mti. Matajiri wananunua hivyo hivyo na kujisifu. Asiyeona uchungu hapo hakuzaliwa Coventry.

Mafundi wa mbao walikuwa na desturi yao. Kila ubao ukikamilika waliusaini nyuma kwa penseli: jina, mwezi na namba. Mwenye gari hakuiona saini hiyo maisha yake yote, na wala hawakumwandikia yeye. Ubao wa mwisho wa mzee, namba 11,206, haukupata gari. Aliupitisha langoni ndani ya koti. Mpaka leo unaning'inia sebuleni kwake, mgongo mbele, jina likiwatazama wageni.

"Umependeza humo," mzee alimwambia binti yake dirishani. "Nani kakuazima?"

"Rafiki wa kazini." Kwa mzee, kazi hiyo ilikuwa ya Wizara ya Kilimo.

"Wizara ya Kilimo mna marafiki wa hivi? Basi mbolea inalipa."

"Baba, nenda ndani, kuna baridi."

"Baridi nimeizoea. Ingia gia ya pili taratibu, hiyo haipendi kuharakishwa."

Kisha akaitazama ile foleni ya magari, akatabasamu. Tabasamu lile Lorraine hakuwa ameliona kwa miaka kumi na tisa. Aligeuza shingo haraka kuona linamwendea nani, lakini foleni ilishaanza kusogea.

Saa saba mchana walipumzika kwenye kituo cha Sutton Scotney.

Waungwana wa Averley wakisimama, hawakimbilii chooni. Kwanza kila mmoja anatoa sinia kuukuu la kuokea na kulisukuma chini ya injini, kwa maana oili itadondoka tu. Halafu wanafungua milango na boneti, wanamimina chai, na kuanza kuhesabiana majeraha.

"Mimi giaboksi ilinifia Inverness," alisema mzee mmoja mwenye sharubu. "Siku ya harusi ya mpwa wangu. Nilifika wamelewa wote."

"Hiyo nafuu. Langu liliungua nikiwa ndani."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoka. Mke wangu anasema ningebaki."

Walicheka. Lorraine alicheka nao, huku akipita gari moja baada ya lingine, anainama, anasifia, anatazama dashibodi. Hakuhitaji mashine. Baba yake alimfundisha akiwa na miaka saba, kwenye meza ya jikoni. Gari moja, mti mmoja. Dashibodi na milango hukatwa kwenye gogo lile lile, na michirizi ya kushoto huitazama ya kulia, kama viganja viwili vilivyofunguliwa kwa dua.

Gari la kumi na saba lilikuwa la kijivu. Halikuwa na sinia chini yake. Mwenyewe, Lionel Strake, alikuwa bwana wa miaka hamsini, mwenye glavu mpya za kuendeshea.

"Na wewe, bwana Strake?" Lorraine alimuuliza. "Lako limekutesa wapi?"

"Halijawahi kunisumbua, mama. Hata siku moja."

Mwenye sharubu aliacha kutafuna. Kwa watu wale, mwenye Averley asiye na kisa cha kuharibikiwa ni sawa na mtu anayedai hajawahi kupiga chafya.

"Bahati yako," Lorraine alisema. "Na ubao huu? Umefanywa upya?"

"Wa kiwandani. Miaka sitini na miwili."

Mbao za milango zilikuwa zimepaushwa na jua mpaka rangi ya asali. Dashibodi ilikuwa na wekundu wa chai ya rangi. Ulikuwa mti mwingine, wa juzi. Lakini kazi ya mkono ilikuwa ya aina yake. Viganja vilikutana katikati bila alama, na hata ukucha usingepata pa kushika. Lorraine aliutambua mkono ule kama anavyokitambua kikohozi cha baba yake kikitoka chumba cha pili.

Alinyoosha mgongo akitabasamu.

"Niruhusu nione injini."

"Karibu. Lakini usiguse kitu."

Aligusa kitu kimoja tu, nati ya waya mdogo wa koili. Aliilegeza kwa vidole viwili wakati Strake anageuka kumwaga chai yake. Regent zote za mwaka ule zina mtetemo. Maili ishirini za milima zingetosha.

Akiwa tena kwenye usukani alibonyeza kidude cha sikioni.

"Nimempata. Kijivu, Strake. Atazimika Portsdown."

"Nawatuma vijana?"

"Wakae mbali. Akiona polisi ataipondaponda lenzi. Wawe dakika sita nyuma yangu."

"Na fundi?"

"Mgongo wa ubao nitauona nikiufungua," Lorraine alisema. Huo haukuwa uongo.

Gari la Strake lilikohoa kwenye mpando wa Portsdown, saa tisa na robo. Likakohoa tena. Likafa.

Chini kulionekana bandari yote na meli nyeupe ikisubiri. Wenzake walipita mmoja mmoja wakipunguza mwendo, naye aliwapungia mkono waendelee. Lakini chama kina sheria yake, na wa mwisho kwenye foleni hana ruhusa ya kumpita mwenzake aliyekwama. Lorraine alikuwa amehakikisha kwamba wa mwisho ni yeye.

"Pole, jirani," alisema akishuka. "Nilidhani halisumbui."

"Nitajitengenezea. Nenda, utachelewa meli."

"Haiwezekani, wataninyang'anya kadi ya chama. Ni waya tu huo, uko nyuma ya dashibodi. Kuna nati mbili za mkono, ubao unashuka wote." Waya wenyewe ulikuwa kwenye injini, lakini ubao ndio aliokuwa anautaka.

"Nimesema nenda."

"Dakika moja tu, bwana."

"Mama, wewe ni nani hasa?"

Mkono wake ulizama kwenye mfuko wa mlango, ukatoka na bastola ya Walther. Lorraine hakuigusa Glock yake. Aliupiga teke mlango. Averley za zamani zina milango ya chuma kizito, enzi ambazo Coventry ilikuwa haibanii chuma. Kiwiko cha Strake kililia. Bastola ikadondoka kwenye majani.

Strake alimrukia kwa mkono mzima. Lorraine alipisha, akamshika kola, akamgongesha paji la uso kwenye paa. Mara moja ilitosha. Alipofumbua macho alikuwa amefungwa pingu kwenye usukani wake mwenyewe.

"Fundi ni nani?" Lorraine alimuuliza.

"Nilipewa funguo na tiketi ya meli, basi." Strake alitema damu. "Fundi simjui, na wala sina haja ya kumjua. Si mtu wa kugundisha mbao tu?"

Lorraine alizibana pingu tundu moja zaidi. Hakukuwa na haja ya kikazi.

Zilibaki dakika nne.

Alizungusha zile nati mbili, ubao ukashuka mikononi mwake bila kelele. Nyuma ya saa za mafuta na joto palikuwa na kikasha cha kijivu. Alikifungua. Lenzi ilikuwa nzima. Alikitia mfukoni mwa koti, kisha akatoka na ubao hadi kwenye gari lake, akampa Strake mgongo, na kuugeuza.

C. Orton. Mei 2024. 11,207.

Mwandiko ulikuwa umetetemeka kidogo kwenye herufi ya kwanza, lakini namba ilikuwa imenyooka. Miaka kumi na tisa ilipita kati ya ubao ule na wa kabla yake, na mzee alikuwa ameendelea kuhesabu alipoachia.

"Mjinga wewe," Lorraine alisema kwa sauti ndogo. "Mzee mjinga."

Alikuwa amesaini wizi kwa jina lake kamili. Asingeweza kutosaini.

Dakika tatu. Chini, taa za bluu zilikuwa zimeshaanza kupanda mlima.

Lorraine alikula kiapo cha kazi akiwa na miaka ishirini na minne, na hakuwahi kukivunja. Aliwahi kumkabidhi rafiki yake kwa Idara. Aliwahi kumkabidhi mtu aliyekuwa akimpenda. Alifungua dumu la rejeta, akalowesha leso, akasugua. Jina likawa wingu la kijivu. Akatoa kiberiti, na kwa ubavu wake wa kuwashia akakwangua mpaka mti ukabaki mtupu. Namba aliiacha ya mwisho. Ilimchukua muda mrefu kuliko jina.

Kisha akapaka vumbi, akaurudisha ubao mahali pake na kukaza nati.

"Lenzi ninayo," alisema kwenye kidude. "Strake yuko hai."

"Hongera. Fundi?"

"Hakuna alama."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Baba yako si alikuwa karakana ile ile, Lorraine? Angeweza kuutambua mkono."

"Macho yake hayafai tena."

"Pole," alisema Bibi Pargeter, na haikujulikana ni pole ya nini.

Juu ya mlima pana gari la kuuzia chai na soseji. Lorraine alinunua kikombe, akasimama upande wa upepo, akampigia mzee.

"Lile la kijivu limefika?" mzee aliuliza hata kabla ya salamu.

"Halikufika. Baba, uliuliza ubao ni wa nini?"

Redio ilisikika nyuma yake, halafu ikazimwa.

"Alikuja mtu na mti," mzee alisema. "Mjozi wa miaka mia mbili, mwanangu, umekauka vizuri. Tangu wafunge, wanaonigongea mlango ni watu wa kuniuzia madirisha. Huyu alitaka mikono yangu."

"Uliuliza?"

"Niliona ameacha nafasi nyuma. Nafasi haiachwi bure. Sikuuliza."

"Ungefia ndani. Unaelewa?"

"Kwa hiyo umeugeuza." Sauti ya mzee ilichangamka ghafla. "Uliiona namba."

Lorraine alifumba macho.

"Hapakuwa na namba, baba."

"Niliandika."

"Hapakuwa na kitu. Jina wala namba. Na wewe hukumjua mtu yeyote, hukukata mti wowote."

Kiti cha mzee kililia alipokaa.

"Wamarekani walinipunguzia siku za kazi," mzee alisema. "Wajerumani walinitoa langoni. Lakini hata mmoja wao hakuwahi kugusa jina langu."

Akakata.

Lorraine alimaliza chai yake. Alivaa miwani ya jua, akawapita polisi bila kuwaangalia, akaingia kwenye Regent. Liliwaka mara moja, kwa mara ya kwanza siku ile. Kidole gumba kilikuwa bado cheusi kwa penseli.

Jumapili alikwenda Coventry kama kawaida yake. Mzee alimfungulia, akampa shavu abusu, akaenda kuweka birika jikoni. Lorraine aliingia sebuleni kumsubiri. Ubao ulikuwa palepale ukutani, lakini ulikuwa umegeuzwa. Mjozi ulikuwa mbele, unang'aa, viganja wazi, mzuri kuliko kitu chochote katika nyumba ile.

Jina lilikuwa linatazama ukuta.

Walikunywa chai, wakazungumza habari za mvua. Saa kumi Lorraine alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaaga, na kutembea hadi kwenye gari bila kugeuka.