Karatasi ya Mfukoni

Saa mbili na dakika tano asubuhi, programu ya kusajili wagonjwa iligoma kufunguka. Kompyuta nne za zahanati ziligoma; ya chumba cha sindano peke yake ndiyo iliyokubali. Benchi la korido lilikuwa limeshajaa.

Fundi aliyeitengeneza programu, na kutuma toleo lake jipya jana jioni kwa mtandao, aliingia kifua mbele. Karani wa mapokezi, mama wa makamo, alimpa karatasi.

"Nimenakili maneno yaliyotokea, mwanangu. Herufi kwa herufi."

Fundi aliitia mfukoni bila kuisoma. Karani angemfundisha nini yeye?

"Jana nani alikuwa wa mwisho kwenye mashine?"

"Mimi."

"Ulifuta nini?"

"Mimi? Labda vumbi."

Wagonjwa wakacheka. Fundi akaona anadhihakiwa, akapaza sauti: "Huyu mama ndiye ameharibu!" Korido nzima ikasikia. Mganga mkuu akaingia ofisini kuandika barua ya kumsimamisha kazi.

Saa tatu na nusu fundi alimhoji mlinzi. Umeme haukukatika, wala hakuna mgeni aliyeingia. Alitafuta virusi, hola. Akamgeukia muuguzi wa sindano.

"Mbona mashine yako ni nzima?"

"Si uliikalia mwenyewe Ijumaa? Ulisema unaijaribu programu hapa kwanza. Ukaweka na kitu kingine, ukasubiri weee, hadi ukamaliza maji yangu ya kunywa."

 Fundi alichomoa karatasi mfukoni. Mwandiko ulikuwa safi: *Programu hii inahitaji msingi wa toleo la nane. Uliopo: toleo la sita.*

Kila programu ya aina hiyo husimama juu ya msingi, programu nyingine inayoiendesha. Kwenye kompyuta ya fundi msingi ulikuwa wa nane, na kwa muuguzi aliuweka mwenyewe. Zile nne alizipelekea programu, msingi akausahau. Jibu lilikuwa limekaa mfukoni mwake asubuhi nzima.

Angeweza kuuweka msingi kimyakimya, na asingejua mtu. Aliuweka, mashine zote zikafunguka. Lakini kupitia mlango wa ofisi ulio wazi alimwona karani akipanga vikombe vyake mkobani, na barua iko mezani tayari. Aliona aibu, akaingia.

"Mganga, ichane hiyo barua," alisema. "Mkosaji ni mimi. Yeye aliniandikia jibu, nikalidharau."

Mganga aliichana. Karani hakusema asante.

"Asubuhi hukunisemea ofisini, mwanangu. Ulinisemea koridoni."

Fundi akatoka, akasimama mbele ya benchi, macho sakafuni.

"Mama hakuharibu kitu. Ni mimi," alinong'ona.

Bibi mmoja mwenye bandeji mguuni alitega sikio.

"Hatujasikia," alisema. "Asubuhi tulikusikia vizuri tu."