Sauti Kutoka Ng'ambo Ilimchoma Mdogo Wangu

Nina umri wa miaka sabini na miwili. Ni mjane, naishi Utemini, hapa Singida mjini, na ninauza mafuta ya alizeti kibarazani kwangu. Wateja wangu wananiona nacheka nao. Hawajui kwamba kila ninaposikia mtu anapiga kelele kwenye televisheni ya jirani, naacha chupa za mafuta, naingia ndani na kufunga mlango...

Wasomaji wenzangu, nisomeni taratibu. Hili si jambo jepesi kwangu kulisimulia.

Sisi tulizaliwa Mtinko, wasichana wawili tu. Mimi Ester na mdogo wangu Helena. Mimi niliolewa na Petro, Mkristo mwenzangu. Helena alimpenda kijana wa Kiislamu aitwaye Juma, akabadili dini, akawa Hadija. Baba yetu alinuna msimu mmoja wa kilimo, kisha akanunua kanzu mpya akaenda kula Idi kwa mkwewe. Kwetu Wanyaturu hayo si mambo ya ajabu. Nyumba moja unakuta rozari na msahafu, na wote mnakula mlenda kwenye bakuli moja.

Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, Yona, niliugua sana. Maziwa yalikauka kabisa. Hadija naye alikuwa amejifungua na mtoto wake akafariki. Alimchukua Yona, akamweka kifuani, akamnyonyesha mpaka mtoto akashiba, machozi yake yakimdondokea usoni. Yona alikulia mikononi mwa wanawake wawili. Mimi alikuwa ananiita mama, na Hadija mama mdogo, lakini akiumwa alikuwa anamlilia Hadija.

Je, nani angeota yaliyokuja kutupata?

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yalijaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Mume wangu alikuwa anapeleka vitunguu Dar es Salaam, na msimu mmoja biashara ilimnyookea. Akarudi na televisheni kubwa na dishi, ule ungo mpana kama paa la banda la kuku! Fundi alilifunga uani kwa saruji. Utemini yote walikuja kutazama. Petro alilinunua kwa ajili ya mpira. Akaweka mabenchi kwenye chumba cha mbele, vijana wakawa wanalipa kiingilio kidogo. Nyumba ikawa na furaha, na mimi nikawa nauza chai na maandazi.

Lakini mpira hauchezwi kila siku. Kwenye kuzungusha zungusha vituo, ndipo walipokipata kile kituo...

Kilikuwa cha mahubiri, kutoka ng'ambo. Mhubiri mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe na macho yasiyopepesa, anazungumza mchana kutwa. Mwanzoni tulidhani ni neno la Mungu. Kiingereza hatukukijua, tuliona tu watu wanalia na kuinua mikono. Kisha akaja Mwalimu Amosi.

Amosi aliwahi kufundisha Kiingereza, akaacha kazi kwa sababu ambazo hakuna aliyezijua vizuri. Akawa anasimama pembeni ya televisheni akitafsiri. Alikuwa na sauti nzuri, lazima niseme ukweli. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Mhubiri akifoka, naye anafoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Na maneno yenyewe! Kwamba Waislamu ni wana wa Shetani. Kwamba siku zimekwisha, na anayekaa nao meza moja atahukumiwa pamoja nao. Zinaonyeshwa picha za vita vya nchi za watu, maiti za watoto, makanisa yanaungua. Vijana waliokuja kutazama mpira wakawa wanakaa wamekunja ngumi.

Siku moja nilisimama mlangoni na birika la chai, nikamsikia Amosi anasema, "Na hapa kwetu wapo! Mnawajua! Nyama mnayokula majumbani mwenu inachinjwa na nani? Bucha ya Mwankoko ni ya nani?"

Niliweka birika chini. Mwankoko ni kata ya jirani, na bucha yake ilikuwa ya shemeji yangu Juma.

Mimi Kiingereza sikijui, lakini najua kwamba mzungu yule wa ng'ambo hakuijua Mwankoko! Alikuwa anasema "maadui" tu, na Amosi ndiye aliyekuwa anawapa majina na kuonyesha milango yao.

Nilimwambia Petro usiku ule ule azime kile kituo. Akaniambia, "Mama Yona, vijana wanakipenda. Wakihamia kwingine, nani atanilipia umeme?"

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima niliyemheshimu. Nilimsalimu shikamoo, nikakaa, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "zamani ungeniletea habari hizi ningekuja na mgambo, dishi ningeling'oa leo hii. Siku hizi mambo yamebadilika. Nchi ina uhuru. Mtu anatazama anachotaka nyumbani kwake, anasema anachotaka. Wamempiga mtu?"

Nikamjibu bado hawajampiga mtu.

"Basi. Wakimpiga, njoo."

Niliondoka pale nimebeba maneno hayo kama mzigo wa kuni mbichi. Wakimpiga, njoo... Nikaenda pia kwa mchungaji wetu, naye akamwita Amosi akamkanya. Amosi akacheka, akasema mchungaji amenunuliwa, na Jumapili iliyofuata vijana hawakuonekana kanisani. Kanisa lao likawa chumba changu cha mbele.

Yona alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa kijana mpole, fundi wa baiskeli, anayecheka kwa sauti hata nje wakamsikia. Kicheko kile kikatoweka. Akaacha kula nyama nyumbani. Akawa haendi tena Mwankoko. Akikutana na mama mdogo wake njiani anavuka upande wa pili.

Idi ilipofika, Hadija alikuja kwetu na sinia la pilau kichwani, kama kila mwaka. Alikuwa amejipaka hina, amependeza. Yona alitoka ndani, akalipokea sinia bila salamu. Nilifurahi, nikadhani mwanangu amerudi. Akatembea nalo mpaka uani, akawamwagia mbwa!

Nilipiga ukelele. Hadija hakupiga kelele. Alimwambia kwa Kinyaturu, polepole, "Mwanangu, pilau umemwaga. Na maziwa yangu uliyonyonya, nayo utayatapika?"

Yona aliinamisha uso. Midomo ilimcheza, nikaona machozi yanataka kutoka. Lakini pale dirishani alikuwa amesimama Amosi, anatazama. Yona akageuka akaingia ndani.

Nilimsindikiza Hadija hadi barabarani nikilia. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi! "Dada, ni utoto. Akioa ataacha," akaniambia. Niliuona ushungi wake ukipotea kwenye vumbi la barabara. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akitembea kwa miguu yake.

Jumapili moja, jua likiwa kali, chumba kilijaa kuliko siku zote. Mhubiri siku hiyo alikuwa amewaka. Amosi alipiga ukuta kwa kiganja, nikamsikia, "Maneno yametosha! Wanaume wako wapi?" Petro hakuwepo, alikuwa shambani kwa watu akinunua vitunguu. Vijana wakatoka kwa pamoja. Nilipomwona Yona ameshika dumu la mafuta ya taa nilimkimbilia, nikamshika shati. Nilimwambia, "Unakwenda wapi? Yona! Unakwenda wapi?"

"Niache mama, huelewi Kiingereza," akanijibu. Shati likachanika, nikabaki na kitambaa mkononi. Amosi yeye alibaki amekaa kwenye benchi, anajifuta jasho.

Nilikimbia kuelekea Mwankoko nikiwa pekupeku. Nilimkimbilia mdogo wangu jamani! Lakini mimi ni mwanamke mnene, na wao ni vijana...

Yaliyotokea kule niliyasikia mahakamani, kutoka kinywani mwa mwanangu mwenyewe. Walikuta bucha imefungwa kwa kufuli upande wa mbele. Juma alikuwa amekwenda mnadani Mtinko kutafuta ng'ombe. Wakadhani hakuna mtu. Wakamwagia mafuta mlango wa mbao wa ubavuni, wakawasha.

Ndani, kwenye kichumba cha nyuma alikokuwa akipika supu, Hadija alikuwa juu ya mkeka anaswali alasiri.

Moshi ulipomfikia alikimbilia mlangoni, ukawa ukuta wa moto. Dirisha lilikuwa na nondo. Ndipo akasikia sauti nje, na sauti moja akaitambua. Bila shaka alidhani amekuja kumwokoa. Akaita kwa nguvu zake zote: "Yona! Mwanangu Yona, nifungulie!"

Nifungulie...

Wenzake walitawanyika kama kuku. Yona aliuvamia mlango ule kwa bega, ukamwangukia, akaingia motoni, akamtoa mama mdogo wake amembeba mikononi. Mimi nilifika nikamkuta amekaa chini kwenye vumbi, amempakata Hadija, nywele zake mwenyewe zimeungua, mikono imetoka ngozi, anarudia neno moja tu: "Mama. Mama. Mama." Wala hakuwa ananiita mimi.

Hospitalini nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha Hadija. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka usoni. Alipopata fahamu aliniuliza, kwa sauti kama ya mtu aliye mbali sana, "Dada, Yona hajaungua?"

Nilimwambia tu, "Yupo salama." Akashusha pumzi. Hakuuliza lingine. Asubuhi, kabla ya chai ya wagonjwa, alifariki dunia.

Nilikwenda msibani. Wanawake walioketi mlangoni waliacha kulia waliponiona. Mmoja akasimama akaniambia, "Umefuata nini? Umekuja kuhesabu mliobakiza?" Nilikuwa nageuka kuondoka, ndipo Juma alipotoka, macho yamevimba. Akasema, "Mwacheni apite. Ni dada yake." Nikaingia. Nikasaidia kumwosha mdogo wangu... Mengine ya dunia nitayasahau, lakini si kile nilichokiona siku ile.

Petro aliporudi alichukua nyundo akalibomoa lile dishi kipande kwa kipande. Alikuwa akilia kama mtoto, akisema, "Nilinunua mpira, Ester! Nilinunua mpira tu!" Baada ya hapo hakuwa Petro tena. Pombe ilimchukua, ikammaliza. Nilimzika akiwa mtu wa mifupa mitupu.

Yona hakukana kosa hata moja. Alifungwa miaka mingi. Na Amosi? Alisimama kizimbani na suti yake, akasema kwa sauti ile ile nzuri, "Mheshimiwa, mimi nilitafsiri tu. Sikugusa kiberiti. Tangu lini maneno yakachoma nyumba?" Hakukuwa na ushahidi kwamba alifika Mwankoko. Mimi nilisimama nikasema niliyoyasikia, wakili akaniuliza kama najua Kiingereza. Watu wengine wakacheka. Amosi aliachiwa akatoka kwa miguu yake, akahama mkoa. Na yule mhubiri wa ng'ambo, nadhani aliendelea kuhubiri siku hiyo hiyo. Hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mwanamke anaitwa Hadija.

Yona alipotoka gerezani alikuwa na mvi. Mikono yake ina makovu yaliyojikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa. Alikaa nyumbani siku chache, kisha akaniomba nimpeleke kwa baba yake mdogo. Niliogopa, lakini nilimpeleka.

Juma alikuwa amezeeka. Alikuwa amekaa nje anapepeta dengu. Yona alipiga magoti mbali kabisa, hakuthubutu kusogea. Akasema, "Shikamoo baba mdogo."

Juma aliweka ungo chini. Nilisikia majani ya mahindi yanavyogongana shambani.

"Shikamoo yako nimeisikia, Yona," akasema. "Marahaba sina."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila hasira.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mwanangu. Tangu siku ile Yona huenda Mwankoko kila msimu wa kilimo, akalima shamba la Juma alfajiri na kuondoka kabla mwenyewe hajaamka. Juma hajamfukuza. Hajamshukuru pia.

Wasomaji wenzangu, mimi sisemi watu wafungwe midomo. Nilikua wakati redio ilikuwa moja, na mtu akitaka kulalamika bei ya sukari anatazama kwanza nyuma yake. Siutaki ule woga urudi. Mtu aiseme serikali, amseme mchungaji, amseme sheikhe, aniseme hata mimi. Lakini anayesimama mbele ya vijana na kuwaonyesha mlango wa jirani, huyo hasemi tena, huyo anatuma! Kwa nini tumsubiri mpaka apige mtu ndipo twende?

Siku hizi hahitaji hata dishi, anaingia kwenye simu, anakaa mfukoni mwa mwanao, anamnong'oneza sikioni. Nakuombeni, nyinyi akina mama na akina baba, kaeni na watoto wenu msikilize wanachosikiliza. Wakikuambia huelewi, waambie wakueleweshe. Usikubali kunyamazishwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Ukipuuzwa mlango wa kwanza, gonga wa pili, gonga wa tatu, waite mzee wa dini hii na wa dini ile, piga kelele mpaka watu wakuone mwehu. Afadhali wangesema Ester ni mwehu, na mdogo wangu angekuwa hai.

Mimi niligonga milango miwili tu, nikachoka, nikarudi kuchemsha chai.