Gwaride la Watu Kumi na Mmoja

Haya yalimpata Laban, mtoto wa shangazi yangu. Alinihadithia akiwa na hasira, na mimi nayasimulia kwa hasira ile ile.

Ilikuwa Agosti 2013, Doha. Hoteli moja ya West Bay ilikuwa imenunua jengo zima Uingereza, ukumbi wa mazoezi ya wanamaji wa enzi za Malkia Victoria. Lilifunguliwa vipande vipande, likaletwa na kuunganishwa upya ili matajiri wafanyie karamu ndani. Laban, aliyekuwa mlinzi hapo, alilipenda. Paa lilibebwa na matao ya chuma, sakafu ilikuwa ya mbao nene kama ya meli, na ukutani kulikuwa na matundu ya kufyatulia mizinga. Madirisha yalikuwa juu kabisa, ili watoto waliofunzwa unamaji humo, miguu peku, wasione nje. Juu, pande zote, kulikuwa na roshani ambako maofisa walisimama kutoa amri.

Msimamizi wa walinzi aliitwa Githinji, Mkenya mwenzao, mwanajeshi mstaafu, na aliwatesa watu wa kwao kwa makusudi. Kila adhuhuri, kabla ya zamu, aliwapanga walinzi kumi na mmoja humo, viyoyozi vikiwa bado havijawekwa, kisha akapanda roshani.

Siku hiyo Ndirangu, aliyeishi chumba kimoja na Laban mtaa wa Al Mansoura, alikuwa na homa.

"Boss, huyu jamaa anachemka," Laban alisema. "Mwache akae chini tu."

"Hapa si kwa mamako. Mguu sawa!"

Buti zao zikapiga sakafu kwa pamoja. Kisha, nyuma yao, miguu mingine ikapiga. Mingi. Peku.

"Nani anacheza na mimi?" Githinji alifoka, ingawa aliona watu wale wale kumi na mmoja. "Sasa mtasimama hivyo hivyo mpaka nirudi!" Akaenda kula.

Saa nzima ikapita. Ndirangu akaanguka. Laban alitaka kumdaka, lakini miguu yake haikuinuka. Hakuna aliyeweza kuinua wake. Walisimama wima, wakilia, wakamtazama mwenzao akikata roho hatua mbili tu mbele yao. Githinji aliporudi na kusema "Tawanyika", ndipo miguu ikaachiliwa.

Kampuni iliandika kwamba marehemu alikuja na ugonjwa wa moyo. Ugonjwa wa moyo! Kijana aliyebeba magunia ya viazi Kinangop tangu akiwa shuleni! Mama yake angesomewa uongo huo mbele ya jeneza. Laban akaletewa karatasi atie sahihi kama shahidi. Akakataa.

Kesho yake mchana alimkuta Githinji peke yake katikati ya ukumbi. Laban akapanda roshani.

"Andika vile alikufa," alisema.

Githinji akacheka. "Shuka hapo, fala wewe."

"Mguu sawa!"

Ile miguu ikapiga. Buti za Githinji zikapiga nayo, na kicheko kikakatika.

"Laban," alinong'ona. "Kuna mtu amenishika."

"Utaandika?"

"Nitaandika. Sema tawanyika. Tafadhali, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Laban anasema neno "tawanyika" lilikuwa mdomoni mwake. Alilimeza. Alishuka ngazi, akapita kando yake bila kumtazama, akafunga mlango.

Kampuni ilitangaza kwamba Githinji ametoroka kazini. Ukumbini zilibaki buti zake tu, visigino vimekutana, kamba zimefungwa, na hakuna aliyeweza kuzing'oa. Mwishowe mafundi waliukata ubao kuzizunguka, wakaugeuza.

Upande wa chini kulikuwa na alama za viganja vya watoto, viwili chini ya kila buti, alama bado mbichi.