Kitanda Kilichokwama Kichochoroni

Kwetu asubuhi huanza kwa cherehani. Mwanangu ni fundi nguo, na kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, upande wa kichochoro. Chai haijachemka, cherehani imeshaanza kelele. Mkewe hukaa kizingitini akishona vifungo. Mwezi ule mimba yake ilikuwa kubwa, nami nilimtegea vitendawili asiwaze sana.

"Kipo mlangoni kwa kila mtu, wala hakina mwenyewe."

"Kichochoro," alijibu. Kisha akaweka sindano chini. "Mama, siku yangu ikifika, gari la wagonjwa litapita wapi?"

Mimba ya kwanza alibebwa mgongoni hadi barabarani, damu ikimtoka. Mtoto hatukumpata.

Wiki hiyo walikuja vijana wa chuo kikuu wanaosomea mipango miji. Aliyewaongoza alikuwa binti mrefu mwenye futi mkononi. Watoto wakambandika jina la Twiga.

Muuza mkaa, jirani yetu, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hao wamekuja kutuvunjia. Leo futi, kesho tingatinga."

"Hatuvunji, baba," alisema Twiga. "Chuo kinafanya utafiti. Sisi tunapima, nyinyi mnaamua. Mkikubaliana, ramani mtaipeleka wenyewe halmashauri. Lakini kwanza naomba kitanda."

"Umechoka mapema hivi?" aliuliza muuza mkaa. Watu wakacheka.

Twiga naye akacheka. "Tukibebe kutoka nyumba ya mwisho hadi barabarani. Kinapokwama, tutie alama ya chaki. Pasipopita kitanda, gari halipiti."

Wanaume wakabeba. Kwenye ngazi za muuza mkaa kitanda kilipita kwa kulazwa ubavu.

"Mgonjwa wenu ameshaanguka," nikawaambia.

Wakasonga. Mbele ya kibanda cha mwanangu kikakwama kabisa. Walisukuma, wakavuta, hakikwenda.

Muuza mkaa alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. "Fundi, mjamzito ni wako, na aliyemfungia njia ni wewe."

Mwanangu alivua futi yake shingoni, akapima kichochoro ukuta hadi ukuta.

"Kila mtu ameikunja njia upindo kidogo," alisema polepole. "Mimi nimekunja zaidi. Nguo ikibana hivi, mwenye nguo hapumui." Akamtazama mkewe. "Lakini nikibomoa, nitashonea wapi?"

"Sebuleni," alisema mkewe. "Kochi litoke."

"Usibomoe peke yako, kaka," alisema Twiga. "Njia ni lazima iwe pana mwanzo hadi mwisho. Nyumba moja ikibaki imeziba, ni kama zote zimeziba. Kila mtu arudishe alichochukua, si zaidi. Na maji ya mvua yapewe mfereji wake, yasile njia."

"Na ngazi zangu?" aliuliza muuza mkaa. "Niruke kama chura?"

"Zigeuze, baba. Zifuate ukuta, zisitazame njia."

Tukachora ramani chini kwa chaki. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, lakini hakuna aliyeondoka.

Mchana ule ule mwanangu alianza kung'oa mabati ya kibanda chake. Muuza mkaa akaja na nyundo.

"Nikusaidie, kisha unisaidie ngazi. Usinitoroke tu."

Nyumba nyingine zikafuata. Waliosita tuliwaendea mlango kwa mlango, na mimi mbele. Halmashauri ilikubali ramani yetu, mfereji ukachimbwa.

Uchungu ulimkuta mkwe wangu asubuhi, akipiga pasi. Gari la wagonjwa likaja mpaka kizingitini. Muuza mkaa alitangulia mbele yake akifukuza kuku na watoto, kana kwamba gari ni lake.

Mtoto ni wa kike. Siku walipotoka hospitali, tuliwapokea barabarani. Mkwe wangu alitembea katikati, mtoto kifuani. Twiga alikuwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Tulikwenda hivyo hadi mlangoni, na bado nafasi ilibaki.