Jezi Aliyozikwa Nayo

Mvua ilikuwa inanukia, nikatoka mbio kuanua jezi. Magharibi ilishaingia, taa ya uani inawaka na kuzimika inavyotaka yenyewe, na mimi nina beseni kiunoni, vibanio mdomoni. Kesho yake ilikuwa marudiano ya nusu fainali. Timu nne za juu kwenye ligi huingia hatua ya mtoano kumtafuta bingwa, na sisi, Mungu ana mambo yake, tulikuwa tumeponea nafasi ya nne. Mechi ya kwanza tulitoka sare. Jezi ishirini nilizifua asubuhi kwa mikono yangu, maana mashine ya klabu ina kiburi kumshinda kocha.

Nikaanua huku nahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Na moja.

Ilikuwa peke yake mwisho wa kamba. Ya kijani, ya kipa. Wenzake walishakauka kwa jua la kutwa, yenyewe inachuruzika maji. Nikaishika. Ilikuwa na joto... joto la mwili, la mtu aliyeivua sasa hivi. Ilinuka dawa ya kuchua na udongo mbichi.

Nikaigeuza kola. Ndani kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu, umepinda kidogo. Mshono wangu.

Jezi ile nilimvisha mdogo wangu kwa mikono hii, siku tuliyomzika.

Vibanio vikanidondoka mdomoni.

Ngoja nikueleze, usije ukasema mama wa watu kachanganyikiwa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ndiye aliyekuwa kipa wa timu hii. Walimwita Gundi, kwa kuwa mpira ukigusa mikono yake hautoki. Mwaka jana, kwenye mtoano huu huu, dakika ya themanini, aligongwa goti kichwani. Alianguka, akainuka, akajikokota hadi kwenye mstari akamwambia kocha, "Mwalimu, sioni mpira." Nilikuwa hapo hapo, nimeshika chupa za maji. Nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Kocha akamshika bega. "Rudi. Dakika kumi tu, kijana wangu." Akarudi. Akadaka, tukashinda. Akafia kwenye chumba cha kuvalia, kichwa chake mapajani mwangu, wenzake wakiwa nje wanaimba.

Kocha alitoa pole redioni. Akasema marehemu alikuwa na maradhi yake ya siku nyingi, akayaficha. Maradhi gani? Mtoto yule hata mafua yalikuwa yanamkimbia! Watu wakaniambia samehe, dada, maji yakimwagika hayazoleki. Nikawaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuacha kazi. Nilitaka niwe karibu na yule mtu siku yake itakapofika. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi jioni ile nikaingia na jezi hadi chumba cha kuvalia. Nikabonyeza swichi, taa haikuwaka. Misumari ishirini imepangana ukutani. Kwetu timu hupangwa mara mbili: kocha hupanga kwenye karatasi, halafu mimi napanga kwenye misumari. Ninapotundika jezi yako ndipo unapokaa. Hakuna anayekaa chini ya msumari wa mwenzake, hata awe nahodha. Wachezaji wanaamini ukikalia msumari wa mtu, utaumia.

Tone... tone... tone... Jezi ilikuwa inalowesha sakafu.

Halafu nikasikia njumu. Zilikuwa zinatoka bafuni, zinakwaruza saruji, pole pole. Zikaja. Zikasimama nyuma yangu.

"Dada."

Sikugeuka. Shingo yenyewe ilikataa.

"Dada... nipangie."

Sauti yake, ile ile ya kukwama kwama kooni. Wallahi machozi yalinitoka kabla ya woga.

"Nikupangie wapi, mdogo wangu?"

"Msumari wangu."

Msumari wake una mwenyewe sasa. Kipa mpya, wanamwita Twiga, mrefu hadi mlangoni anainama. Kila siku ya kufua ananibebea ndoo bila kuombwa, ananiita Mama Jezi. Hajamkosea mtu. Nikautazama ule msumari, nikaitazama jezi, nikaelewa. Mmoja akipangwa, mmoja anatoka.

"Twiga hapana," nikanong'ona. "Aliyekuua si Twiga."

Njumu zikakwaruza tena, hatua moja.

"Nataka kudaka, dada."

"Nitakupa aliyekuua. Nitakupa yeye, kisha ukalale. Sawa?"

Hakujibu. Nami, kwa hasira zangu, nikauchukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Koti la kocha lilikuwa nyuma ya mlango. Jeusi, la mechi kubwa tu, aliniachia nishone kifungo. Nikachomoa sindano kwenye mtandio, nikakata kipande cha jezi, upana wa kiganja, nikakishonea ndani ya bitana ya koti, chini ya kola. Gizani. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa na furaha. Kila nikichoma sindano nasema, dakika kumi tu, kijana wangu. Nilipokata uzi, harufu ya udongo ilikuwa imeondoka, na jezi iliyobaki sikuiona tena.

Kesho yake uwanja ulifurika. Bila kwa bila, hadi dakika ya themanini. Kocha amesimama mstarini na koti lake, anafoka, anarusha mikono. Mara akanyamaza katikati ya neno. Akashika kichwa upande wa kushoto. Hakuna aliyemgusa, hakuna mpira uliomfikia. Akaanza kupapasa hewa.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na chupa zangu.

"Sioni mpira," akasema.

Daktari wa timu akaja mbio. Kelele za jukwaani zilikuwa hazimruhusu mtu kusikia hata mawazo yake. "Anasemaje?" akaniuliza.

Hapo ndipo ningeweza kuyaacha. Neno moja tu lingetosha. Nikamtazama kocha. Macho yako wazi, ndani yake hakuna kitu.

"Anasema yuko sawa," nikajibu. "Anataka amalizie mechi."

Kocha alinisikia. Najua alinisikia, maana alishika mkono wa gauni langu akavuta, akavuta kama mtoto. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikamfunga vifungo vya koti vyote, mpaka cha shingoni.

"Dakika kumi tu, mwalimu."

Mechi ikaenda penalti. Twiga akadaka tatu. Tatu! Benchi zima likamkimbilia, wakamrusha juu, wakaangukiana. Kocha amekaa wima vile vile, hajapepesa. Alipokuja mtu kumkumbatia ndipo alipodondoka.

Hospitali walisema amekwisha kufa, mshipa wa kichwa ulipasuka, presha, mtoano haufai kwa wenye umri. Huenda. Yule daktari hajaniuliza kitu tangu siku hiyo, ila tukipishana anaitazama mikono yangu. Usiku ule nililala fofofo, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Usiniulize kama najuta.

Asubuhi Twiga akaja chumba cha kufulia. Macho mekundu. Akakaa juu ya ndoo, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama Jezi, nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza, mwanangu."

"Jana kwenye penalti, nyuma ya goli langu alikuwepo nani?"

"Si wapiga picha?"

"Hapana. Ndani ya nyavu." Akashusha sauti. "Alikuwa ananinong'oneza. Kushoto. Kulia. Baki katikati, usiruke. Nami namfuata tu. Alikuwa ananipumulia hapa, shingo yote ikaloa."

Nikaendelea kusugua kola. "Kakusaidia. Mshukuru."

"Nilimshukuru. Nikasema, asante, kaka." Akajipangusa shingo. "Akaniambia nisijali. Fainali atadaka mwenyewe."

Mikono ikanifia ndani ya povu. Mdogo wangu hakuniomba kocha. Kisasi kilikuwa changu, changu peke yangu, nikambebesha marehemu. Yeye aliomba msumari wake, basi.

"Fungasha," nikamwambia Twiga. "Leo hii. Nenda kwenu, hiyo fainali usicheze. Mwanangu, nakuomba kwa Mungu."

Akanitazama, akaanza kucheka, akaona sicheki.

"Niiache fainali, Mama Jezi? Nitamwambia nini mama? Amekwishafunga safari. Hajawahi kuniona nikidaka."