Moyo Uliochorwa Kwenye Kichupa

"Geuka kushoto kidogo. Kidevu juu. Sasa tabasamu."

"Nimeshatabasamu."

"Hilo si tabasamu, Profesa. Hapo ni kama unasubiri sindano."

Mkuu wa Ndaki ya Sayansi pale chuo kikuu akacheka mpaka tai ikatikisika tumboni. Msichana aliyekuwa akipigwa picha kando ya hadubini, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, hakucheka. Mpigapicha, aliyemwita Profesa kwa utani, hakujali. Mchumba wake ndivyo alivyo, mbele ya wakubwa hukauka kama mkate wa juzi.

Mpigapicha ndiye pia aliyeandika habari zote za ndaki ile, na asubuhi hiyo alikuwa ameambiwa tu alete kamera maabara ya damu, kuna ushindi. Alipomkuta mchumba wake ndiye mshindi, nusura kamera imponyoke kwa furaha.

"Andika vizuri, kijana," alisema Mkuu, ambaye alikuwa amehamia juzi tu na hakujua nani ni nani wa nani. "Kipimo cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa watoto wachanga. Tone moja la damu, majibu yanatoka mama hajainuka kitandani. Huko ng'ambo wamekikubali kipimo, na mwenyewe wamemchukua kwa miaka minne ya utafiti. Anaondoka mwezi ujao."

Kamera ikabaki hewani.

"Mwezi ujao?"

"Alishakubali zamani. Kumbe hakukwambia? Hawa wanasayansi wasiri sana." Mkuu akampiga begani, akaondoka na kicheko chake.

Mlango ukajifunga. Ikabaki ngurumo ya majokofu.

"Mwezi ujao ni harusi yetu," mpigapicha alisema.

"Najua."

"Unajua. Mama keshanunua beseni la kuogeshea mtoto, na wewe unajua."

"Usinitajie hilo beseni, nakuomba."

"Nani huyo? Kuna mtu huko unakokwenda?"

"Laiti angekuwepo."

"Basi sema, maana nimetoka kumpiga picha mchumba wangu akiniaga, na nimemlazimisha atabasamu."

Msichana akaketi kwenye kiti kirefu, akavua glavu. Kidole cha pete kilikuwa kitupu. Mpigapicha alishazoea, pete na glavu hazipatani, kwa hiyo kazini pete hulala mfukoni mwa koti. Leo msichana aliitoa mfukoni, lakini hakuivaa. Aliiweka mezani.

"Unakumbuka siku tuliyojuana?"

"Nilikuja kutoa damu ya utafiti wako."

"Ulikuja kunitongoza."

"Vyote viwili. Wenzangu walikuwa wanakuletea maua, mimi nikaleta mkono. Nikajiona mjanja."

"Nikakupa kichupa uhakikishe namba yako. Ukachukua kalamu, ukachora moyo pembeni ya namba."

"Ukacheka."

"Nikacheka. Nilipaswa kubadilisha kibandiko, sikubadilisha." Alikuwa akiongea na meza. "Vichupa vyetu havina majina, ni namba tupu, ili tusijue damu ni ya nani. Vikakaa kwenye jokofu tukisubiri mashine itengenezwe. Siku ya kupima nilishavaa pete yako. Navuta kichupa, naona moyo."

Mpigapicha akajikuta ameshika ukingo wa meza.

"Naumwa?"

"Huumwi. Umebeba tu kinasaba cha selimundu. Ungeweza kuzeeka bila kujua. Na mimi nimebeba. Akibeba mmoja, watoto hawaumwi. Tukibeba wote..."

"Robo," alisema mpigapicha. "Nimeshaiandika hiyo habari. Kila mimba, robo ya kupata mgonjwa. Zinabaki robo tatu."

"Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu. Hiyo robo haikukosea nyumba."

"Najua kuhusu mdogo wako."

"Unajua alikufa. Hujui alivyokuwa akiuma kola ya shati usiku ili mama asimsikie analia. Mimi ndiye niliyefua yale mashati. Hakuna hata moja lililokuwa na kola nzima. Siwezi kuzifua tena kola kama zile. Za mwanangu, siwezi."

"Ungeniambia."

"Sheria ya utafiti inakataza."

"Usijifiche nyuma ya sheria. Ungesema tu, twende tukapime, kama wachumba wote. Ningefuata kama mwanakondoo."

Msichana akazikunja glavu, moja ndani ya nyingine.

"Kweli," alisema. "Ningeweza. Na majibu yangetoka, ungesema nini?"

"Tuoane."

"Hilo ndilo nililoliogopa."

"Kwa hiyo ukanichagulia. Mimi nahangaika na ukumbi, wewe ulishafunga mizigo."

"Haya, chagua sasa. Sina ninachokificha tena. Mimi sizai, na hilo halitabadilika. Wewe mama yako hana mtoto mwingine. Utaishi na mimi bila mtoto wa damu yako mpaka tuzeeke?"

Mpigapicha akafungua kinywa. Akaliona beseni la bluu, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama yake, na mama mwenyewe akilipitishia kitambaa kila akifagia. Aliliona kidogo tu, kama mtu anavyopepesa jicho.

"Nitaishi," alisema.

Alikuwa amechelewa. Wote wawili waliisikia ile nafasi iliyopita kati ya swali na jibu.

"Nitaishi, nakwambia. Tutalea hata wa watu."

"Nimekusikia." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Sikulaumu. Ungejibu haraka ningekuona mwongo."

"Basi nijibu vipi?"

"Sijui, mpenzi. Nimekutafutia jibu tangu siku ile ya kichupa."

Akamsogezea pete kwa ncha ya kidole. Mpigapicha hakuigusa. Baadaye alisema, kwa sauti ya mtu aliye kazini:

"Zile picha hazikutoka vizuri. Simama nikupige nyingine."

Akasimama. Safari hii hakuambiwa atabasamu, wala hakuitazama kamera. Alimtazama aliyeishika.

Jioni habari ikapanda kwenye ukurasa wa ndaki. *Ndaki ya Sayansi inajivunia mtafiti wake.* Sentensi iliyosema anaondoka lini aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, mwishowe akaiacha nje. Hongera zikamiminika. Walimu, wanafunzi, mpaka fundi wa majokofu.

Kisha jina la mama yake likatokea.

*Hongera mkwe wangu kipenzi. Wajukuu zangu watachukua akili ya mama yao, maana ya baba yao naijua.*

Watu wakaijazia vicheko. Ukurasa ulikuwa mikononi mwake, kidole kikaenda kwenye neno "futa". Kabla hajabonyeza, chini yake likaingia jibu la mchumba wake.

*Asante mama yangu.*

Hakufuta. Akabaki anayatazama maneno yale mpaka simu ikaita.

"Wewe mtoto, mbona hukuniambia mkwe wangu amekuwa mtu mkubwa? Nimeona kwa majirani, kama mgeni."

"Uko wapi, mama?"

"Hapa mlangoni. Buibui wameingia kwenye beseni langu, nawatoa."

Pete, aliyoiokota mezani alipotoka maabara, ilikuwa imemwachia alama kiganjani kwa jinsi alivyoifumbata.

"Liweke chini, mama," alisema. "Tafuta kiti, ukae kwanza."